Ukubwa wa chembe kwenye modeli ya majivu ya nyuklia: kwa nini karibu hakuna kinachotua?

Msafiri_wa_upepo (muuliza swali)

Wakuu, habari za kazi. Naomba jicho la pili kwenye modeli hii.

Ninajaribu kurudia mwanguko wa majivu ya mionzi ya jaribio la bomu la nyuklia la Marekani liitwalo Castle Bravo, kisiwani Bikini (Visiwa vya Marshall), 1 Machi 1954. Nimechagua hilo kwa sababu matokeo yake yanajulikana: mlipuko wa megatani 15 juu ya matumbawe, majivu meupe yakaanguka kisiwa cha Rongelap, kilomita 180 hivi upande wa mashariki, kati ya saa 4 na 6 baadaye, na yakafika kisiwa cha Utirik, kilomita 500 hivi, baada ya saa 22.

Nilivyoipanga:

– chembe 100,000 za hesabu, kila moja imebeba tungamo sawa, zimetawanywa kwa kimo cha kilomita 15 hadi 30;
– vipenyo vinafuata mgawanyo wa logi-nomali (logi ya kipenyo ndiyo inayofuata mgawanyo wa kawaida), mediani, yaani thamani ya katikati, mikromita (µm) 0.407, mkengeuko sanifu wa kijiometri 4, kama ilivyo kwenye DELFIC, programu ya jeshi la Marekani;
– densiti ya chembe 2.5 g/cm³;
– kasi ya kuanguka kwa kanuni ya Stokes (uzito wa tufe dogo dhidi ya mnato wa hewa);
– hatua ya muda dakika 15, gridi ya kilomita 5.

Baada ya saa 24 za modeli, chembe 22 tu ndizo zimegusa ardhi kati ya zile 100,000. Nikiachana na mgawanyo na kuweka mikromita 100 kwa kila chembe, zinatua zote, lakini kwenye mkanda mmoja mwembamba. Nimekagua upepo mara tatu na sioni kosa. Tatizo ni mgawanyo, ni kasi, au ni jambo jingine? Na mionzi inagawiwaje kwa chembe: kwa tungamo au kwa namna nyingine?

---

Kipimapepo

Upepo wako uache kwanza, mkuu. Kosa kubwa liko kwenye hiyo 0.407.

Hiyo ni mediani ya *idadi*. Maana yake ni kwamba ukizihesabu chembe moja moja, nusu yake ni ndogo kuliko mikromita 0.407. Lakini tungamo huenda na kipenyo kwa kipeo cha tatu. Chembe moja ya mikromita 100 ina tungamo la chembe milioni moja za mikromita 1. Wewe umesema kila chembe ya hesabu imebeba tungamo sawa, kwa hiyo unatakiwa kuchota vipenyo kutoka mgawanyo wa *tungamo*, si wa idadi.

Kwa logi-nomali ubadilishaji ni mwepesi, na mkengeuko haubadiliki, unabaki 4:

mediani ya tungamo = mediani ya idadi × exp(3 × (ln 4)²)

ln 4 ni 1.386, kipeo chake cha pili 1.922, mara 3 ni 5.77, na exp yake ni karibu 319. Zidisha kwa 0.407, unapata mikromita 130. Kutoka 0.407 hadi 130! Ndiyo maana hakuna kilichotua. Ukiichukulia 0.407 kuwa mediani ya tungamo, sehemu iliyo juu ya mikromita 50 ni asilimia 0.03 hivi, yaani chembe 26 kati ya 100,000. Wewe umepata 22. Programu yako imefanya sawasawa kile ulichoiambia.

Ukishaweka 130, tungamo linagawanyika hivi:

chini ya mikromita 10: asilimia 3
10–20: asilimia 6
20–50: asilimia 16
50–100: asilimia 18
100–200: asilimia 20
200–500: asilimia 21
500–1000: asilimia 9
juu ya 1000: asilimia 7

Kwenye msimbo ni mstari mmoja: d = 130 × exp(1.386 × z), ambapo z ni namba nasibu ya mgawanyo wa kawaida. Mkia wa juu ukate kwenye mikromita 1000 au 2000, halafu sawazisha jumla irudi kuwa 1, la sivyo utakuwa na mawe yanayoanguka palepale kwenye shimo la mlipuko na kula tungamo lako bure.

Kuna watu huchota kutoka mgawanyo wa idadi kisha wakaipa kila chembe uzani wa d³. Kihesabu ni sahihi, ila kimatumizi ni balaa: tungamo karibu lote linabebwa na chembe chache mno, na ramani inajaa madoa ambayo ni kelele za takwimu tu.

Tahadhari moja. Mgawanyo huo wa DELFIC unawakilisha udongo wa silika wa nchi kavu. Bikini ni matumbawe, yaani kalisi kabonati. Joto huigeuza kuwa kalisi oksidi, nayo hunywa mvuke wa maji na kuwa hidroksidi. Chembe zake ni nyeupe, zina vinyweleo, nyingine ni kama magamba. Kwa hiyo 130 na 4 ni mahali pa kuanzia tu. Endesha modeli kwa densiti 2.0, 2.5 na 2.7 uone mstari wa majivu unasogea kiasi gani kabla hujaamini lolote.

---

mnato_wa_hewa

Kipimapepo amemaliza la mgawanyo. Sasa kuna kosa la pili ambalo lilikuwa limejificha nyuma ya lile la kwanza: Stokes.

v = (ρ chembe − ρ hewa) × g × d² / (18 × µ), ambapo v ni kasi ya kuanguka, ρ densiti, g mvutano wa dunia, d kipenyo, na µ ni mnato wa hewa, 1.8 × 10⁻⁵ Pa·s karibu na ardhi. Kanuni hii ni kweli pale tu namba ya Reynolds (Re, uwiano wa nguvu ya mwendo na nguvu ya mnato) ikiwa ndogo sana kuliko 1. Kwa densiti 2.5 unavuka mpaka huo karibu na mikromita 60, na kwa mgawanyo wako mpya zaidi ya theluthi mbili ya tungamo liko juu ya hapo. Yaani ulipokuwa na chembe ndogo Stokes ilikuwa inakutosha. Ukisahihisha mgawanyo bila kusahihisha kasi, majivu yatatua karibu mno na mlipuko.

Njia rahisi: gawanya kasi ya Stokes kwa (1 + 0.15 × Re^0.687), kisha rudia, kwa kuwa Re yenyewe inategemea v. Mizunguko mitano sita inatosha. Hii inafaa hadi Re ya 800 hivi, zaidi ya unachohitaji. Kwa hewa ya usawa wa bahari utapata:

10 µm: 0.0076 m/s, sawa na Stokes
50 µm: 0.17 m/s (Stokes inasema 0.19)
100 µm: 0.55 m/s (Stokes 0.76)
200 µm: 1.4 m/s (Stokes 3.0)
500 µm: 3.7 m/s (Stokes 18.9)

Angalia hiyo ya mwisho: Stokes inakosea mara tano.

Ukirudia ukakuta kasi inarukaruka bila kutulia, chukua wastani wa thamani mpya na ya zamani kila mzunguko. Tatizo hili hutokea zaidi juu ya mikromita 500.

Na usitumie hewa ya usawa wa bahari kwa kimo chote. Kwa chembe ndogo mabadiliko ni madogo: mnato wa kimo cha kilomita 11 ni 1.42 × 10⁻⁵, kwa hiyo kasi inapanda kwa robo tu. Kwa chembe kubwa, wembamba wa hewa ndio unaotawala. Chembe ya mikromita 200 ikiwa kilomita 15 juu inaanguka kwa karibu 2.5 m/s, na ikikaribia ardhi inapungua hadi 1.4. Ukiweka kasi moja tangu juu hadi chini umeongeza muda wake angani kwa theluthi moja hivi. Hesabu v upya kwa kila tabaka.

Marekebisho ya Cunningham (ya hewa nyembamba inayoipisha chembe ndogo ipite kwa wepesi zaidi) yanahusu chembe ndogo zilizo juu sana. Chembe ya mikromita 1 kwenye kilomita 20 inaanguka karibu mara 3.7 zaidi ya Stokes, lakini ya mikromita 10 ni mara 1.2 tu. Yaweke, hayana gharama, ila hayatabadilisha chochote Rongelap.

Umbo nalo lina sauti yake. Chembe isiyo mviringo huanguka polepole kuliko tufe la tungamo lile lile. Usianze nalo kwanza. Anza na tufe, upate jibu linaloeleweka, ndipo uongeze.

---

Msafiri_wa_upepo

Asanteni sana, nimeelewa nilipokosea. Nimeweka 130, nimeweka marekebisho ya Reynolds na hewa inayobadilika kwa kimo. Sasa sehemu kubwa inatua ndani ya siku moja.

Ila kuna jambo jipya. Ili kupunguza muda wa kompyuta nimegawa vipenyo kwenye makundi 8, kama orodha ya Kipimapepo, kila kundi likiwa na kipenyo kimoja cha katikati. Ramani inatoa visiwa vya majivu vilivyotengana, na kati yake hakuna kitu. Je, ni upepo wa tabaka tofauti, au nimeharibu tena?

---

Kipimapepo

Umeharibu tena, lakini kidogo. Visiwa hivyo ni makundi yako 8.

Chukua kimo cha kilomita 10 na upepo wa 10 m/s, hesabu ya kichwani kwa kasi za karibu na ardhi. Mikromita 500 inatua baada ya dakika 45, kilomita 27. Mikromita 200 baada ya saa 2, kilomita 70. Mikromita 100 baada ya saa 5, kilomita 180. Mikromita 50 baada ya saa 16, kilomita 580. Kati ya kundi na kundi kuna pengo la kilomita 40, 110, 400, na gridi yako ni ya kilomita 5. Msukosuko wa hewa hauwezi kuziba nafasi kubwa kiasi hicho kwa chembe nzito.

Dawa ni mbili. Ya kwanza, rudi kwenye mstari ule wa d = 130 × exp(1.386 × z), kila chembe na kipenyo chake. Haiongezi gharama ya maana, maana unafuatilia chembe 100,000 vyovyote vile. Ya pili, kama programu yako inalazimisha makundi (HYSPLIT, programu ya kufuatilia vitu vinavyosafiri angani, kwa mfano, inataka kila ukubwa utangazwe kivyake kwenye faili la CONTROL: kipenyo kwa mikromita, densiti kwa g/cm³, na umbo), tumia makundi mengi yenye tungamo sawa badala ya machache yenye mipaka ya kupendeza. Kipenyo cha kundi kiwe wastani wa kijiometri wa mipaka yake: kwa 50–100 ni 71, si 75. Kwenye HYSPLIT ukishaandika kipenyo, densiti na umbo, iache kasi ya kutua iwe sifuri ili ijikokotolee yenyewe. Ukiijaza kwa mkono, hiyo ya kwako ndiyo itakayotumika.

Jingine ni hatua yako ya dakika 15. Mikromita 500 huanguka zaidi ya kilomita 3 kwa dakika 15. Inaruka tabaka nzima la upepo bila kulisikia. Weka dakika 1 kwa chembe zilizo juu ya mikromita 100. Zilizo ndogo zinaweza kubaki na dakika 5 au 10.

---

Kofia_na_shina

Naongeza la kimo, maana kwa Bravo ndipo pana utajiri.

Kutawanya chembe kwa usawa kutoka kilomita 15 hadi 30 kunapoteza vitu viwili. Wingu la uyoga la Bravo lilipanda hadi karibu kilomita 40, lakini pia lilikuwa na shina chini ya kofia, na shina hubeba sehemu ya chembe kubwa. Tena chembe nzito huanza kushuka wakati wingu bado linapanda, kwa hiyo wingu likitulia, chembe kubwa ziko chini ya kofia na ndogo ziko juu. Ukubwa na kimo vimefungamana. Ukivichota kila kimoja kivyake unapeleka chembe za mikromita 500 kwenye kilomita 30, mahali ambapo hazikukaa.

Kabla ya kukimbiza modeli nzima, fanya hesabu ya mkono. Gawa anga kwenye tabaka za kilomita 2. Kwa kila ukubwa, mwendo wa mlalo ni jumla ya (upepo wa tabaka × unene wa tabaka ÷ kasi ya kuanguka ndani ya tabaka), ukitenganisha mashariki-magharibi na kaskazini-kusini. Chora mahali pa kutua kwa mikromita 50, 75, 100, 150, 200, 300 kutoka kimo kimoja, unganisha nukta. Rudia kwa vimo vingine. Mistari hiyo inakupa umbo la mwanguko, na modeli yako isipofanana nayo, kosa liko kwenye msimbo, si kwenye fizikia.

Sasa geuza hesabu kichwa chini. Rongelap: saa 5 angani. Ikiwa chembe zilitoka kilomita 20, wastani wa kasi ni 1.1 m/s. Ukikumbuka kwamba juu zinaenda kasi zaidi, ni chembe za mikromita 130 hadi 160. Utirik: saa 22, wastani 0.25 m/s, mikromita 55 hadi 60. Pia mwendo wa mlalo: kilomita 180 kwa saa 5 ni 36 km/h, kilomita 500 kwa saa 22 ni 23 km/h. Namba hizi hazigombani. Modeli yako ikikuletea Rongelap chembe za mikromita 40, usiangalie tena mgawanyo, angalia upepo wako wa tabaka la kati.

Ninasisitiza upepo kwa kimo kwa sababu hapo ndipo watu waliumizwa. Pepo za kila kimo zilielekea kwingine, na za juu ndizo zilizosukuma majivu mashariki kwenye visiwa vyenye watu. Watu 64 waliokuwa Rongelap hawakuondolewa hadi siku mbili baadaye.

---

Nusu_uhai

Swali la mwisho la mleta mada halijajibiwa: mionzi inagawiwaje. Jibu ni kwamba inategemea elementi, na hapa modeli nyingi za wanafunzi huanguka.

Wingu likipoa, vitu visivyovukizika kwa urahisi, kama zirkoniamu-95, seriamu-144 na plutoniamu, huganda mapema, chembe za udongo zikiwa bado ni matone ya kuyeyuka. Vinaingia ndani ya chembe, kwa hiyo vinafuata *ujazo*. Vile vinavyobaki gesi kwa muda hushikwa baadaye kwenye ngozi ya chembe zilizokwisha kuganda, vinafuata *eneo la uso*. Sesiamu-137 na strontiamu-90 ni za kundi hili la pili hasa kwa sababu ya wazazi wao: strontiamu-90 hutoka kwa kriptoni-90, gesi yenye nusu-uhai wa sekunde 32, na sesiamu-137 hutoka kwa zenoni-137, gesi ya dakika 3.8. Chembe kubwa zikiwa zinaanguka kutoka kwenye wingu, sehemu ya mazao haya bado ni gesi.

Kihesabu, tumia mediani ya uso badala ya ile ya tungamo: 0.407 × exp(2 × 1.922), ambayo ni mikromita 19. Linganisha sehemu iliyo chini ya kipenyo fulani:

chini ya 10 µm: ujazo asilimia 3, uso asilimia 32
chini ya 20 µm: ujazo asilimia 9, uso asilimia 52
chini ya 50 µm: ujazo asilimia 25, uso asilimia 76
chini ya 100 µm: ujazo asilimia 43, uso asilimia 88

Kwa mgawanyo ule ule wa chembe, robo tatu ya zirkoniamu iko kwenye chembe zinazotua ndani ya siku moja hivi, na robo tatu ya sesiamu iko kwenye zile zinazoendelea na safari. Huwezi kutumia ramani moja kwa vyote. Kivitendo, endesha mbili, moja kwa 130 na nyingine kwa 19, halafu kila isotopu ichanganye kutoka hizo mbili. Mtafiti Freiling alionyesha kwenye miaka ya 1960 kwamba uwiano wa isotopu kwenye sampuli hufuata mistari iliyonyooka kwenye grafu ya logi kwa logi, akitumia mnyororo wa tungamo 95 (isotopu zenye namba ya tungamo 95, zinazooza moja hadi nyingine) kama rejea ya visivyovukizika na 89 kama rejea ya vinavyovukizika.

Ajali ya kinu cha Chernobyl ilionyesha jambo hilo hilo bila mlipuko wa nyuklia. Vipande vya mafuta ya kinu, vyenye plutoniamu, vilibaki kwa wingi ndani ya eneo la kilomita 30. Sesiamu iliyovukizika ilifika Sweden na kugunduliwa kituo cha umeme wa nyuklia cha Forsmark tarehe 28 Aprili 1986, siku mbili baada ya ajali. Ukimodeli chembe za mafuta kumbuka densiti: urani dioksidi ni karibu 10.5 hadi 11 g/cm³. Chembe ya mikromita 10 ya mafuta huanguka kwa 0.032 m/s, sawa na chembe ya mikromita 32 yenye densiti ya maji. Ukiiacha 2.5 kwenye faili lako umeipeleka mbali mara nne zaidi.

Kuhusu kupungua kwa mionzi, kipeo cha −1.2 (kila muda ukizidishwa kwa 7, kiwango kinashuka mara 10) ni cha mchanganyiko mzima wa mazao ya mpasuko. Ukishatenganisha vinavyovukizika na visivyovukizika, kipeo hicho hakishiki vizuri tena. Fuatilia isotopu moja moja kwa nusu-uhai wake, au tumia −1.2 kwa jumla tu na uandike wazi kwamba hukutenganisha.

---

mnato_wa_hewa

Nyongeza fupi juu ya hiyo ramani ya mediani 19. Chini ya mikromita 20 achana na uzito kama njia kuu ya kutua. Mikromita 10 kutoka kilomita 10 ingehitaji siku 15 hewa ikiwa tuli, na hewa haitulii siku 15. Hapo mvua ndiyo inayozishusha. Weka kutua kukavu (kusiko kwa mvua) kwa kasi ya 0.001 m/s kwa chembe za sesiamu, na uwashe usafishaji wa mvua ndani ya wingu na chini yake. Madoa makubwa ya sesiamu karibu na Gävle, Sweden, yaliwekwa na mvua iliyonyesha wakati wingu la Chernobyl linapita; modeli isiyo na mvua haiwezi kuyaona hata ukiwa na mgawanyo wa chembe ulio sahihi kabisa.

Kwa hiyo data yako ya mvua iwe ya kila saa, si ya wastani wa saa 6. Wastani hueneza mvua ya nusu saa kwenye eneo lote ambalo wingu lilipita, na doa lako linageuka ukungu.

---

Msafiri_wa_upepo

Nashukuru, wakuu. Naanza na hesabu ya mkono ya tabaka za kilomita 2, kisha ramani mbili, 130 na 19, kwa densiti tatu, kila chembe na kipenyo chake, hatua ya dakika 1. Nikipata chembe zinazofika Rongelap nje ya mikromita 130–160 nitaweka hapa upepo niliotumia kwa kila tabaka.